Theluji Kwenye Sahani, Mkondo wa Nungwi

Tulipanda meli ya usiku Malindi, bandari ya Unguja, mwishoni mwa Aprili, wakati wa maleleji: kaskazi imelala, kusi bado inajaribujaribu. Tulikuwa tunakwenda harusini Mkoani, Pemba, mimi na mtoto wa ami yangu, aliyekaa miaka mitatu jikoni kwenye hoteli moja ya milimani Austria.

Nilidhani maporomoko ya theluji huua watu mlimani wakati wa baridi kali tu. "Wapi!" akasema. "Baridi ikianza kuondoka, jua likikaza, ndipo mlima unapokuwa na vituko."

Akamwaga sukari kwenye sahani ya bati, juu akalaza kipande cha boflo. Theluji hulala tabaka juu ya tabaka, kila ikianguka. Chini huweza kubaki chembechembe zisizoshikana, mfano wa sukari ile, na juu yake tabaka gumu. Mtu akilikanyaga, hukatika bapa zima kwa mpigo mmoja, naye yuko juu yake. Akainamisha sahani kidogo, boflo halikwenda. Hatari zaidi, anasema, ni mteremko wa digrii 30 hadi 45.

Halafu kuna maji. Usiku theluji huganda ikawa kama saruji. Mchana huyeyuka, maji yakapenya mpaka kwenye lile tabaka bovu. Ndiyo maana wenyeji hutoka alfajiri na taa vichwani, na kabla ya adhuhuri wameshashuka. Usiku ukiwa wa mawingu haigandi sawasawa, basi hata alfajiri haina amana. Ukiona miguu inazama hadi magotini, geuza.

"Na ukifukiwa?"

"Wenzako wana kama robo saa. Kila mtu huvaa kifaa kinachotoa mawimbi ya redio, na hubeba koleo na ufito mrefu wa kuchomea theluji. Ukingoja waokozi kutoka mjini, watakuja kukuzika."

Nikamwambia mbona hayo ni ya manahodha wetu, wanaongoja maji yageuke kabla ya kukata mkondo. Hakukubali. "Bahari ikichafuka unaiona. Mlima umenyamaza, mweupe, mzuri, kama hauna neno."

Tukafika mkondo wa Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja. Mazungumzo yakakatika meli nzima, tasbihi zikatoka. Upande huu ndiko ilikozama meli ya Spice Islander, Septemba 2011. Wimbi likatuinua, meli ikalala ubavu, na boflo likateleza lenyewe na sukari yake yote, likanimwagikia kwenye kikoi.

"Umeona?" akasema, huku ameshikilia benchi kwa mikono miwili.