Ndoo sita za udongo, wiki nane za kwanza

Wiki ya 1
Ndoo sita za lita 20, zote nimezitoboa matundu chini. Kabla ya kuchanganya chochote nilipima udongo kwa njia ya chupa: theluthi udongo, maji hadi karibu na shingo, tikisa sana, weka mahali pasipoguswa. Mchanga ulituama ndani ya dakika mbili tatu. Kesho yake maji ya juu bado yalikuwa na ukungu, nikajua nina mfinyanzi mwingi kuliko nilivyodhani. Udongo wa aina hiyo unashika maji vizuri, lakini ndani ya ndoo hugandamana hadi mizizi inakosa hewa. Dawa yake mboji iliyoiva: sehemu mbili za udongo kwa moja ya mboji.

Mboji ikaishia ndoo ya nne. Mbili zilizobaki nikazichanganyia maranda mabichi ili udongo uwe mwepesi. Nilijiona mjanja. Kila ndoo nikapanda mche mmoja wa nyanya.

Wiki ya 3
Ndoo za maranda: majani ya chini manjano, shina jembamba. Nilidhani nimezidisha maji, nikaingiza kidole hadi kiungo cha pili. Unyevu ni uleule wa ndoo nyingine. Kumbe ni maranda yenyewe. Mbao ina kaboni tele na nitrojeni kiduchu, kwa hiyo bakteria na kuvu wanaoiozesha huchota nitrojeni iliyomo kwenye udongo. Wao hula kwanza, mche unabaki kuangalia. Nitrojeni haijapotea, itarudi wakishakufa, ila hiyo ni kazi ya miezi. Maranda hayohayo ningeyatandaza juu tu bila kuyachanganya, madhara yangekuwa madogo.

Nyanya zile mbili nimezing'oa na kuzichomeka pembeni ya lundo la mboji, kwa huruma tu. Kwenye ndoo zao nimepanda kunde.

Wiki ya 5
Lundo nimelipindua na kuliongezea samadi ya kuku, sasa asubuhi linafuka. Nilichomeka nondo katikati, nikaiacha dakika kumi. Kuichomoa kwa mkono mtupu nikashindwa. Unyevu napima kwa kukamua konzi moja: yakitoka matone mawili matatu, inatosha. Zile ndoo nne nzuri hazina la kusimulia.

Wiki ya 8
Kunde zilianza na rangi iliyopauka, leo ni kijani kibichi. Nimeng'oa moja niangalie mizizi. Vinundu vimejipanga kama shanga. Kimoja nikakipasua kwa ukucha, ndani rangi ya waridi. Hiyo ndiyo dalili kwamba bakteria waliomo wananasa nitrojeni ya hewani. Kingekuwa cheupe au cha kijani, ningenuna.

Na zile nyanya za kuonewa huruma? Moja imenifika kiunoni. Za kwenye ndoo zote imezipita.