Saladi kwenye ndoo, bila udongo wala pampu

Unayetaka kuanza haidroponiki (kilimo cha kutumia maji yenye mbolea badala ya udongo) nyumbani, achana kwanza na mabomba na pampu. Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko inatosha miche minne ya saladi. Toboa mfuniko matundu manne, chomeka vikombe vya plastiki vilivyotobolewa chini na pembeni, jaza makumbi ya nazi yaliyosuuzwa chumvi, panda mche wenye majani matatu au manne.

Mbolea ndiko wengi wanakoharibu. Yurea haifai hapa, maana hutegemea bakteria wa udongoni kuigeuza. Kwa lita 20 koroga gramu 12 za NPK 4-18-38 (mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu) yenye madini madogomadogo hadi iyeyuke, kisha gramu 6 za magnesiamu salfeti, mwisho gramu 12 za kalsiamu naitreti. Usizichanganye zikiwa kavu: kalsiamu hushikana na salfeti na fosfeti, unabaki na unga mweupe chini ya ndoo na mmea una njaa. pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, iwe 5.5 hadi 6.5.

Maji yazamishe kitako cha kikombe sentimita moja tu. Yakishuka, usijaze tena hadi juu! Mizizi iliyobaki hewani ndiyo inayovuta oksijeni. Ukiizamisha, mche unanyauka na maji yapo tele.

Ndoo inayopitisha mwanga huota mwani, basi ipake nyeusi, halafu nyeupe juu yake. Kwa joto la Dar au Mombasa iweke kivulini mchana, kwani maji ya moto hushika oksijeni kidogo na mizizi huoza, inakuwa kahawia na kunuka. Maji ya kisima yenye chumvi, hata usijaribu. Na ziba kila upenyo, mbu wasije wakataga.