Gauni la bluu na vipande vyangu

Nikipeleka kitambaa kwa fundi huwa nasema mapema kabisa, kaka naomba vipande vyangu vyote virudi, hata vile vya upana wa kiganja, na mafundi wengine wananishangaa manake wateja wengi hawaulizi, jioni vinafagiwa vinaenda jalalani. Mimi siwezi. Kwenye kiroba changu kuna sare ya kichen pati ya dada yangu, kuna kitenge nilichovaa siku tunamtoa mwanangu nje, kuna khanga ya msiba wa bibi, kuna mabaki ya dera ambalo lenyewe lilishachakaa zamani. Hao wote ni watu wangu, nikishika kipande namkumbuka nani alikaa wapi siku hiyo na nani alilia.

Sa hivi nashona gauni la pamba ya bluu iliyokolea, kitambaa nimekitoa Kariakoo, halina mchoro wowote, nikasema hili ndo la kuvipa vipande nafasi.

Mama mdogo ndo alinifundisha cherehani na alipokuja kuona akaniambia, "Mwanangu usishike mkasi kwanza, vitandaze chini uviangalie." Basi nikavitandaza sebuleni, na hapo ndo nikaona kitu ambacho kimenikaa moyoni mpaka leo. Vipande vina maumbo yake tayari! Palipokatwa shingo panatoka nusu duara, palipokatwa kwapa panatoka kipande kilichopinda kama mwezi mwandamo, pembeni ya sketi ya kumwaga zinabaki pembetatu ndefu. Yani kila kipande kinakuonyesha ile nguo nyingine ilikatwaje. Nikaamua sivikati upya kuwa miraba, vile vya kwapa nimevipanga chini ya gauni kuzunguka pindo lote, kimoja kinalalia kingine, vinafanana na majani, na mimi naona ni vizuri kuliko ua lolote ambalo ningelichora mwenyewe.

Kabla ya kushona lazima uvifue, hapa sina mjadala. Khanga na vitenge vya pamba vikiwa vipya vinachuja rangi na vinaruka, sasa ukishona kipande ambacho hakijafuliwa juu ya gauni, siku ya kufua kinajikunja peke yake na gauni linavutika. Na kama hujui ni pamba au polista chomoa uzi mmoja uchome, pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi, polista inayeyuka inakuwa kajiwe kagumu keusi. Polista zote nimeweka pembeni manake pasi ya pamba ni ya moto sana kwake. Alafu nageuza nyuzi za kipande zifuate nyuzi za gauni pale umbo linaporuhusu, nakunja ukingo kidogo, nabana kwa uzi wa mkono, ndo nipitishe cherehani polepole, kwenye kona nazungusha gurudumu kwa mkono.

Ile khanga ya bibi ilibaki na kipande cha jina, yameonekana maneno mawili tu, "mwenyeji apone", kile cha mgeni kilikwenda na nguo. Sikutaka kikanyagane na vingine kwenye pindo. Nimekishona ndani, nyuma ya shingo, kinagusa mgongo wangu.

Na kwa watu wa pwani mambo haya ya kuunga si mageni jamani. Inasimuliwa khanga yenyewe ilianza hivyo, karne ya 19 huku Zanzibar na Mombasa, leso zilikuwa zinauzwa zikiwa zimechapwa mfululizo kwenye gora, wanawake wakawa wananunua sita, wanakata tatu tatu, wanaziunga kwa urefu inakuwa nguo moja, baadae wafanyabiashara wakaona inapendwa wakaanza kuagiza kitambaa kizima. Nikifikiria hilo nafurahi kweli, manake wale wanawake hawakusubiri mtu awatengenezee wanachokitaka, waliunga wenyewe wakavaa wakapendeza, na mitindo ikawafuata wao.

Imebaki mikono. Mama mdogo anasema niiache mitupu gauni lipumue, na kwa kifua namkubalia, sijaweka kitu. Ila sare ya dada ina njano moja nzuri mno na kamebaki kautepe kembamba, nataka nikazungushe kwenye mkono wa kushoto tu. Kesho asubuhi nikipata mwanga mzuri nakashona.