Kufuli la Nje

Juni 2013 nilikuwa nafuma masweta ya shule kwenye chumba cha kupanga maeneo ya Mafiati, Mbeya. Tulikuwa wanawake saba, mashine nne za kufuma za mkono, cherehani mbili, ovaloki moja na meza ya pasi. Anayeijua Mbeya anaijua Juni yake. Baridi inashuka kutoka mlima Loleza, vidole vinakufa ganzi kabla hujatunga uzi kwenye sindano. Shule zilikuwa zinafunguliwa Julai na mzigo ulikuwa masweta mia nne ya bluu, yenye mistari miwili ya njano mikononi.

Tenda haikuwa ya mama mwenye karakana. Aliyeishinda ni mzabuni mmoja wa mjini, naye akampa mama kazi kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Sisi tulilipwa kwa sweta. Kazi yangu ya mwisho kwenye kila sweta ilikuwa kushona lebo shingoni, na kwenye lebo ile kulikuwa na jina la duka la mzabuni.

Koni za uzi zilikuwa zimepotea mara mbili. Mama akaamua kwamba siku za kukesha mlango ufungwe kwa kufuli, kwa nje, na ufunguo akae nao mlinzi. Dirisha lilikuwa moja, lina nondo. Hakuna aliyebisha. Hata mimi sikubisha, na mimi ndiye niliyekuwa nimewasimulia wenzangu habari za Bangladesh.

Habari zile nilizisikia redioni mwezi Aprili. Rana Plaza, jengo la ghorofa 8 huko Savar, karibu na Dhaka, liliporomoka tarehe 24 na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao washonaji. Kilichoniuma ni siku iliyotangulia. Nyufa zilikuwa zimeshaonekana ukutani. Benki iliyokuwa kwenye jengo hilohilo ikawarudisha watu wake nyumbani, lakini washonaji kesho yake waliamriwa warudi kwenye mashine. Nililia siku ile. Lakini nilijiambia kwetu ni chumba cha chini, bati juu, hakuna ghorofa ya kutuangukia.

Usiku ninaoukumbuka, umeme ulikatika mapema. Tukawasha taa za chemli, tukaendelea. Pasi ilikuwa ya mkaa, na jiko la mkaa tuliliweka katikati tupate joto. Upepo uliokuwa unapenya chini ya mlango tuliuzibia kwa matambara. Kila tulichofanya kilikuwa cha kujikinga na baridi.

Kwenye saa sita kichwa kilianza kuniuma. Nikasema ni usingizi. Mwenzangu wa ovaloki akasema naye anasikia kichefuchefu. Mdogo wetu kuliko wote, binti wa miaka kumi na tisa, akalaza kichwa kwenye mashine, nasi tukamwacha apumzike kidogo. Mama mtu mzima aliyekuwa anapiga pasi ndiye aliyemgusa bega, na binti akateleza mpaka sakafuni.

"Kyala! Mungu wangu! Fungueni mlango!"

Tulipiga mlango kwa mikono na kwa viti. Mlinzi alikuwa ameenda kunywa chai. Mtu mmoja akavunja kioo kwa pasi, mkaa ukamwagika, tukaukanyagakanyaga usishike nyuzi. Tulimbeba yule binti tukaubana uso wake kwenye nondo apate hewa ya nje. Nilikuwa nimemshika kiunoni. Mpaka leo najua alivyokuwa mzito.

Mlinzi alirudi akiwa anakimbia. Binti alitapika, akafumbua macho. Hospitalini nesi alituambia ni hewa ya mkaa, haina harufu, inamchukua mtu akidhani anasinzia.

Asubuhi tulisimama nje, sita. Mama akaja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona mko nje?"

"Mama, hatuingii mpaka kufuli litoke," nikasema. Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka.

Mama mtu mzima akaongeza lake: mabaki ya nyuzi yasichomwe tena kule nyuma, moshi unaingia kwa jirani mwenye mtoto. Nyuzi zetu zilikuwa za akriliki, na akriliki ikiungua inatoa sumu. Yeye alijua kwa macho na kifua tu.

Mama alifoka kwanza. Kisha akafungua mkoba, akatoa daftari, akatuonyesha. Mzabuni alikuwa ameshusha bei ya kila sweta na kuiwahisha tarehe ya kupokea mzigo kwa wiki nzima. Koni moja ikipotea, faida yake yote imekwenda. Nilimwonea huruma, na bado naona hakuwa na haki ya kutufungia. Mwaka 1911 huko New York, kiwanda cha Triangle kilifunga mlango kwa hofu hiyohiyo ya wizi. Moto ulipozuka walikufa watu 146.

Wakati sisi tumesimama pale, mkataba wa usalama wa viwanda vya nguo vya Bangladesh ulikuwa na mwezi mmoja tu tangu usainiwe, na ndani yake mfanyakazi alipewa haki ya kukataa kuingia mahali pa hatari. Sheria yetu ya kazi ya 2004 nayo ilishaweka saa 45 kwa wiki, na nyongeza ya malipo kwa saa zinazozidi. Hatukuwa na habari na chochote kati ya hivyo. Tulikuwa na hofu ya usiku ule tu.

Kufuli lilitoka. Fundi akaweka komeo kwa ndani, jiko likahamia barazani. Kukesha tukakataa, kwa hiyo mzigo ulichelewa, na shule zilipofunguliwa tulikuwa bado tunashona vifungo.

Mzabuni hakuwa na gari siku ya kupeleka, nikapanda bajaji na marobota mimi mwenyewe. Mwalimu wa stoo alihesabu, akavuta mishono, akaridhika. Akauliza kwa nini tumechelewa. Nikamweleza yote, mkaa, kufuli, binti aliyeanguka. Alinisikiliza akiwa ameshika sweta moja mkononi. Halafu akaligeuza shingo, akaisoma lebo niliyoishona, akanitazama.

"Lakini si wanashonea hapo dukani kwake?"

"Hapana mwalimu. Yanatoka Mafiati."

Akaweka kalamu mezani, akanivutia kiti.