Miguu Miwili Chini ya Singa: Nilivyopata Picha ya Duka ya Mchezo Wangu wa Kutisha

Mchezo wangu wa kompyuta unaitwa Zamu. Mchezaji ni mlinzi wa usiku katika kiwanda cha mkonge kilichofungwa zamani mkoani Tanga, naye ana taa ya chemli, fungu la funguo na usiku mmoja wa kukesha. Nilifanya kazi karibu miaka miwili kuutengeneza peke yangu, kisha nikatumia siku mbili tu kuandaa picha za kuuweka kwenye Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta. Haraka hiyo ilinigharimu, kwa sababu mnunuzi hakutani kwanza na mchezo wenyewe. Hukutana na picha yake, tena ikiwa imepunguzwa na kubanwa katikati ya picha nyingine nyingi zinazomwita kwa wakati uleule.

Picha ya kwanza ilikuwa uso wa mwanamke mwenye macho meupe na mdomo uliofunguka kupita kiasi, damu ikichuruzika, kila kitu kingine kikiwa cheusi. Juu yake niliandika jina refu la wakati ule, Zamu ya Usiku Kiwandani, kwa herufi nyembamba zilizochanikachanika. Kwa mwandishi wa mchezo, Steam hutoa taarifa inayoonyesha ni mara ngapi picha ilitokea mbele ya watu na ni wangapi waliofungua ukurasa. Picha yangu ilikuwa inaonyeshwa, lakini watu walikuwa wanaipita.

Mwanzoni niliilaumu trela, nikaikata upya mara mbili bila mafanikio. Hatimaye nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya siku ya kwanza: nilipiga picha ya skrini ya orodha ya michezo ya kutisha, nikaipachika kapsuli yangu (ndivyo Steam wanavyoziita picha hizi za duka) katikati ya zile nyingine, nikaiangalia kwa simu niliyoishika mbali kidogo na uso. Hata mimi mwenyewe ilibidi niitafute. Kurasa za Steam zina rangi ya buluu iliyokolea sana, kwa hiyo picha nyeusi isiyo na umbo la mwanga huzama humo kama jiwe kisimani. Jambo la pili liliniumiza zaidi: nyuso zenye vinywa wazi zilikuwa nyingi, na nyekundu juu ya nyeusi ilikuwa kila mahali. Uso wangu ulimwambia mtazamaji kwamba huu ni mchezo wa kutisha, jambo ambalo alikwisha kulijua kwa kuwa ameingia katika orodha hiyo kwa hiari yake. Haukumwambia ni upi.

Nikarudi kujiuliza ni kitu gani kilichomo katika mchezo wangu ambacho hakimo katika mwingine wowote wa orodha ile. Jibu lilikuwa mkonge wenyewe. Jani la mkonge hupitishwa katika mashine iitwayo korona, ambayo husaga nyama ya jani na kubakisha nyuzi. Nyuzi hizo huoshwa, kisha huanikwa juani juu ya nyaya ndefu, mstari baada ya mstari, zikining'inia hadi karibu na ardhi. (Niliwahi kufikiria kuuita mchezo Korona, lakini tangu mwaka 2020 hakuna ambaye angelisikia neno hilo akaikumbuka mashine.) Nyuzi hizo huitwa singa, na Kiswahili chetu humwambia mtu mwenye nywele ndefu zilizonyooka kwamba ana nywele za singa. Kitisho nilichokuwa nakitafuta kilikuwa kimelala ndani ya neno hilo siku zote: uwanja mzima wa nywele zilizoanikwa usiku, bila wenyewe.

Nilichora rasimu usiku uleule. Mistari ya singa inamulikwa na chemli kutoka upande mmoja, na chini ya mstari wa pili imesimama miguu miwili mitupu, vidole vikimwelekea mtazamaji. Hakuna uso wala damu, na hiyo ilinifaa kwa namna nyingine pia, maana kapsuli zinatakiwa zifae kuonwa na watu wote. Singa zina rangi ya maziwa, kwa hiyo ziliipa picha eneo kubwa la mwanga bila kulazimika kuufuta usiku. Nyekundu niliiondoa kabisa, nikabakiza manjano ya taa dhidi ya kijivu cha kiza.

Nilimpa mchoraji anayejua kazi yake kuliko mimi, nikamlipa, na nikamwomba jambo moja ambalo naliona la lazima kwa yeyote anayefanya kazi hii: kila kitu kikae katika tabaka lake, singa peke yake, miguu peke yake, mwanga peke yake, jina peke yake. Umuhimu wake niliuona wiki hiyohiyo. Steam hutaka picha kadhaa zenye maumbo tofauti: ya kichwa cha ukurasa pikseli 920 kwa 430, kuu 1232 kwa 706, ya wima 748 kwa 896, na ndogo 462 kwa 174, ambayo katika baadhi ya orodha hushushwa hadi 120 kwa 45. Mimi nilikuwa nimeichukua picha moja na kuipunguza tu. Katika ile ndogo singa ziligeuka ukungu, na miguu ikawa madoa mawili yasiyosema kitu.

Aliyenitoa hapo ni mzee mmoja mwandika mabango ambaye kibanda chake kiko karibu na stendi. Nilimwamkia, nikamwonyesha simu.

"Mwanangu," akaniambia, "mtu aliye ndani ya gari halisomi bango, analipita tu. Ukimpa maneno manne ataondoka na moja. Wewe unataka aondoke na lipi?"

"Zamu," nikamjibu.

"Basi andika hilo."

Aliniandikia mwenyewe kwa brashi, herufi nne nene zenye pengo la kutosha kati yake, akanitaka nivuke barabara nikazitazame kutoka ng'ambo. Nilizipiga picha, nikazichora upya kwenye kompyuta, na ndizo jina la mchezo hadi leo. Katika kapsuli ndogo jina hilo limejaza karibu nafasi yote, likiwa na utepe wa singa nyuma yake. Miguu nimeiondoa humo, kwa kuwa kitu kisichotambulika kwa ukubwa huo huwa ni uchafu tu. Ile ya wima ndiyo niipendayo kuliko zote: urefu wake unaziacha singa zining'inie kama zinavyoning'inia uwanjani, na jicho huteremka nazo taratibu mpaka likutane na vidole.

Kabla ya kuzipandisha, niliwaonyesha majirani na ndugu kila picha kwa muda wa kuhesabu moja hadi mbili. Sikuwauliza kama ni nzuri, kwa sababu mtu wa karibu hatakuambia kuwa ni mbaya. Niliwauliza hapa pana nini. Shemeji yangu alisema ni nguo zimeanikwa. Nikamwomba mchoraji azichambue ncha za singa ziwe nyuzinyuzi na aonyeshe nguzo na waya, na baada ya hapo hakuna aliyetaja nguo tena.

Nilibadilisha kapsuli peke yake. Trela, maelezo na picha za skrini niliviacha vilevile kwa mwezi mzima, ili nijue kilicholeta mabadiliko, na katika taarifa ya mwezi huo sehemu ya watu walioiona picha wakafungua ukurasa ilipanda waziwazi. Tukio la miguu limo ndani ya saa ya kwanza ya mchezo. Nililihamisha kutoka mbele zaidi, kwa kuwa niliona si haki kumwahidi mtu kitu mlangoni kisha nikamkalisha hadi alfajiri kukisubiri.

Tangu Septemba 2022 Steam hairuhusu maandishi kwenye kapsuli zaidi ya jina la mchezo, lakini wakati wa sasisho kubwa huruhusu picha ya muda yenye maneno ya kulitangaza. Ya kwangu imekwisha kuchorwa kutokana na matabaka yaleyale. Uwanja ni uleule, taa imesogea karibu zaidi, miguu haipo, na singa za mstari wa mbele zimefunguka katikati.