Siku Moja Maishani Mwangu: Mkristo Katika Duka la Vifaa vya Ujenzi Kariakoo

Ninauza vifaa vya ujenzi katika duka moja karibu na Gerezani, Kariakoo, na ninaishi Kimara pamoja na mke wangu na watoto wetu. Vijana wa kanisani kwetu huniuliza mara kwa mara kama Mkristo anaweza kufanya biashara katika soko lile asichafuke, na nimeona heri niwajibu kwa kuieleza siku yangu ya kazi, kwa sababu usafi wa maisha ninaoujua mimi hujaribiwa zaidi mbele ya mizani na mashine ya risiti kuliko mahali pengine popote.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimeamka, na somo langu lilikuwa sura ya kwanza ya kitabu cha Danieli. Kijana yule hakukataa kulitumikia jumba la mfalme wa Babeli, hakukataa kusoma elimu ya Wakaldayo, wala hatusomi kwamba aligombana nao walipompa jina la Belteshaza. Alikataa chakula na divai ya mfalme, na alikuwa ameazimia jambo hilo moyoni kabla ya kwenda kumwomba mkuu wa matowashi. Ndiyo sababu sala yangu ya alfajiri huvitaja vitu kwa majina yake: risiti, vipimo, ulimi wangu, macho yangu. Anayesubiri mpaka fedha ziwekwe mezani ndipo atafakari, huwa amechelewa.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa ndani ya mwendokasi, nimesimama kwa kukosa kiti. Kijana aliyekuwa kando yangu alikuwa akiandaa mkeka wa kubeti mechi kwenye simu, akaniomba nimchagulie timu moja ya kumalizia. Nilimwambia kwamba sibeti, naye akataka kujua sababu, tukazungumza kwa utulivu mpaka Magomeni aliposhuka. Sijui kama nilimshawishi, lakini alinisikiliza.

Tulifungua duka saa mbili. Kwa kuwa misumari na waya wa kufungia nondo huuzwa kwa kilo, mizani ndiyo kitu cha kwanza ninachokigusa: ninapangusa vumbi la simenti kwenye sahani yake, ninatazama kama mshale umetulia kwenye sifuri, kisha ninaweka jiwe la kilo mbili ili nijiridhishe. Stika ya Wakala wa Vipimo ipo, lakini haiwezi kuzuia vumbi la jana lisimpunje mteja wa leo. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, nami ninaamini neno hilo linamhusu pia anayejua kwamba mizani imeyumba akanyamaza.

Saa nne alifika afisa manunuzi wa mradi wa ujenzi wa madarasa. Alitaka mifuko 200 ya simenti, ila risiti isomeke mifuko 240. Wasioijua biashara hii huenda wakadhani ni suala la karatasi tu. Mashine za EFD, yaani mashine za risiti za kielektroniki zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, hupeleka taarifa za kila mauzo Mamlaka ya Mapato, kwa hiyo risiti iliyoongezwa huliongezea duka kodi ya asilimia 18 juu ya bidhaa ambazo halikuuza. Afisa alikuwa amekwisha kulipigia hesabu hilo, akaniambia atalipa kodi hiyo yeye mwenyewe na kitakachobaki tutagawana. Nilimjibu, "Kaka, nitakuandikia 200 kwa sababu nitakupakilia 200." Akacheka, akasema Kariakoo nzima inafanya hivyo.

Hapo ndipo dunia inapokuwa na nguvu, kwa sababu haiji na pembe wala mkia, inakuja na mtu mpole anayekuita bosi na kukuhakikishia kwamba jambo hili ni la kawaida. Nilichokiona mimi ni ukuta. Mifuko 40 iliyolipiwa pasipo kununuliwa ni mchanga utakaozidi kwenye zege, na chini ya zege hilo watakaa watoto wa watu. Aliondoka bila kununua, akiahidi kunipigia simu kesho saa hiyohiyo ili asikie kama nimebadili mawazo.

Mchana, jirani yetu wa duka, mzee Mwislamu ninayemheshimu sana, alifunga mlango wake akaenda kuswali adhuhuri kama ilivyo desturi yake, mteja awepo asiwepo. Nami hutumia nafasi hiyo kuomba dakika chache nyuma ya rafu za rangi.

Saa nane alikuja mama mmoja kutoka Morogoro, akiongozana na fundi wake, kununua mabati. Fundi alinivuta pembeni akaomba nimwekee cha juu, yaani nimtajie mama bei kubwa kisha tofauti nimpe yeye. Nilipokataa, akapendekeza nitoe bati la geji 32 kwa bei ya geji 30. Namba ya geji inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba, na wanunuzi wengi wa mara ya kwanza hudhani kinyume chake. Nikamwendea yule mama, nikamwambia, "Mama, hebu shika mwenyewe," nikampa kipande cha kila aina, akakunja pembe kwa vidole vyake, akaisikia tofauti. Akachagua geji 30. Fundi hakuniaga.

Jioni biashara ilipopoa, wenzangu walikusanyika kwenye simu ya mmoja wao kutazama video ambazo mwenye mke hapaswi kuzitazama, wala asiye na mke. Nilienda kupanga mabomba. Hata hivyo sijitengi nao: tunakula sahani moja, na mwenzetu alipofiwa nilisafiri naye mpaka kwao. Yesu alimwomba Baba asiwatoe wanafunzi wake ulimwenguni, bali awalinde na yule mwovu, na Yohana Mbatizaji hakuwaamuru watoza ushuru waache kazi; aliwaambia wasitoze kuzidi walivyoamriwa. Sioni mahali tulipopewa ruhusa ya kuwadharau tunaofanya nao kazi.

Kabla ya kufunga saa kumi na mbili nilimweleza bosi habari ya afisa yule. Mimi hulipwa kamisheni, na mteja wa mifuko 200 anapoondoka, huondoka na sehemu ya ada ya shule ya wanangu. Hilo linauma, na sitaki vijana wadhani haliumi. Bosi alinyamaza kidogo, kisha akasema hataki matatizo na Mamlaka, lakini mauzo ya mwezi ujao yapande.

Nyumbani, baada ya chakula, tulisoma Zaburi ya 15, mahali inapomsifu mtu asiyeyabadili maneno yake ingawa ameapa kwa hasara yake. Binti yangu aliuliza kama yule afisa ni mtu mbaya. Mama yake alimjibu kwamba ni mtu wa kuombewa, akamwachia yeye aongoze sala, naye akamwombea. Kesho saa nne simu ikilia, nitampa bei ya mifuko 200 pamoja na usafiri hadi kwenye mradi, na risiti ya mifuko 200.