Chuma alipita hapa

Mwaka 1997 nilikuwa nafundisha historia katika shule moja ya sekondari jijini Mbeya, na nikapata kibali cha kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu Matema, kwenye Ziwa Nyasa. Walishasoma habari za wamisionari na wapelelezi mpaka wakachoka nazo. Nilitaka wasimame mahali penyewe.

Tuliondoka alfajiri kwa lori la kukodi. Baridi ya Isongole ilitukata masikio, na kufika Ipinda kila mtu alikuwa ameshavua sweta. Matema ni joto, mchanga na maji, halafu upande wa mashariki Milima ya Livingstone inaibuka moja kwa moja kutoka ziwani, mirefu hata unalazimika kuinua kidevu ili uone vilele.

Binti mmoja aliyekuwa ameona kitabuni picha ya sanamu ya Livingstone kwenye Maporomoko ya Victoria aliniuliza, "Mwalimu, na hapa sanamu yake iko wapi?"

Nikamwonyesha milima. Nikamwambia hakuna mmisionari mwingine aliyejengewa kumbukumbu kubwa kama ile.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu karibu nasi alisikia. Tukamsalimu, akaitikia "ndaga", kisha akauliza bila kuinua macho kwenye uzi wake, "Huyo bwana alitua wapi hapa?"

"Hakutua, mzee."

Akaacha kushona. Ikabidi nieleze, na wanafunzi wakasogea. David Livingstone alifika Ziwa Nyasa Septemba 1859, lakini kule kusini. Mwaka 1861 alirudi na mashua ya makasia, akafuata ufuko wa magharibi kuelekea kaskazini. Dhoruba zilimsumbua, na nchi aliyoipita ilikuwa imechakazwa na vita vya kukamata watumwa, chakula hakipatikani. Akageuza kabla ya kufika ncha hii ya kaskazini. Waingereza waliokuja baada yake ndio walioipa milima jina lake.

"Basi aliyefika ni nani?" mzee akauliza.

Hapo ndipo nilipofunga daftari langu la maandalizi, kwa sababu jibu lake ndilo lililonifanya niipende historia. Nikawaambia habari za mtu aliyeitwa Chuma.

Chuma alikuwa Myao, kijana aliyenasuliwa mwaka huohuo wa 1861 kutoka kwenye msafara wa watumwa kule nyanda za Shire, na baadaye akafuatana na Livingstone. Bombay, kule India, alisomeshwa na kubatizwa James. Livingstone alipofariki mapema Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Chuma na mwenzake Susi na wenzao hawakutawanyika. Walizika moyo na matumbo yake chini ya mti, Jacob Wainwright akachonga maandishi kwenye gome. Mwili waliukausha juani, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti, wakauweka kwenye mti wa kubebea. Wakaanza safari ya kwenda pwani.

Ziwa lilikuwa linapiga, lakini nilisikia wanafunzi wakihema.

Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, walimkuta Mwingereza aitwaye Cameron, naye akawashauri wamzike palepale. Wakakataa. Mbele zaidi watu hawakutaka maiti ipite katika nchi yao, wakaufungasha mwili upya ufanane na mtumba wa nguo, wakapita. Februari 1874 wakauteremsha Bagamoyo. Livingstone alizikwa London, Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874, na Chuma na Susi hawakuwepo. Walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yameshakwisha. Hilo huniuma kila ninapolifundisha.

Karibu na mzee alikaa mama mmoja wa Kikisi na vyungu vyake vya kupeleka sokoni Lyulilo. Muda wote alikuwa akikagua chungu kimoja: anakipitisha kidole kwenye mdomo, anakigonga kwa kucha, anasikiliza, anakirudia. Akauliza, "Na njia yote hiyo, nani alikuwa anawapikia?"

Katika miaka yangu yote ya kufundisha hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza swali zuri kama lile. Nikamjibu: Halima, aliyekuwa mpishi wa Livingstone. Na mke wa Chuma, Ntaoeka, alikuwemo pia. Mama akatikisa kichwa, akaniambia nirudie majina. Nikarudia.

Kisha nikamgeukia mzee, maana swali lake lilikuwa bado linadai. Mwaka 1879 Waingereza walituma msafara mwingine kutoka Dar es Salaam. Kiongozi wake, Keith Johnston, akafa Behobeho, na uongozi ukamwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka 21. Mkuu wa wapagazi alikuwa Chuma. Ndiye aliyejua kupanga mizigo, kuzungumza na machifu na kuwatuliza wapagazi walipotaka kutoroka. Wakakatiza Uhehe, wakapita Ubena, wakateremka kwenye ncha hii ya kaskazini ya Nyasa, kisha wakaendelea mpaka Ziwa Tanganyika.

"Kwa hiyo mbebaji ndiye aliyefika," alisema mzee.

"Ndiye, mzee. Na miaka mitatu baadaye alifariki Zanzibar."

Akaitazama milima kwa muda, kisha akauliza kama serikali inazijua habari hizi. Nikasema vitabuni zimo, ila hapa ufukweni hakuna hata kibao. Akasema basi nyie wenye kalamu mmelala.

Neno lile lilipanda nasi kwenye lori. Kabla hatujafika Ipinda wanafunzi walikuwa wameanza kutunga maandishi ya kibao, mmoja akiandika huku gari likirusha kalamu yake. Wakakubaliana haya: "James Chuma, Myao, aliongoza wapagazi kufika ncha hii ya Nyasa mwaka 1879. Kabla ya hapo, yeye na wenzake waliubeba mwili wa David Livingstone hadi Bagamoyo." Yule binti wa sanamu akataka Halima aongezwe. Mvulana mmoja akapinga, akasema kibao kitaje waliofika Nyasa tu. Binti akamjibu kwamba Livingstone naye hakufika, na amepewa milima mizima. Walibishana hadi Tukuyu, na mimi nilikuwa upande wa binti.